Pujini: Kisima, Boma na Siwa

Kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, katika kijiji cha Pujini, yapo magofu ambayo Wapemba wengi huyasikia kabla ya kuyaona. Ni boma la Mkama Ndume, na jina lenyewe ni hadithi: mkamua wanaume. Mapokeo yanasimulia kwamba watu wake walibeba mawe ya ujenzi huku wakisota kwa matako, na kwamba kisima cha bomani kilikatwa kwa ukuta ili wake zake wawili wateke maji pasi na kuonana. Hivyo ndivyo ulimi wa Kipemba ulivyomhifadhi mtawala huyu: kwa dhuluma yake.

Ardhi nayo ina usemi wake. Wachimbuzi wa mambo ya kale, akiwamo Adria LaViolette wa Marekani, wamelitia boma hili katika karne ya 15 na ya 16, zama zinazopakana na kuja kwa Wareno. Walikuta pia chumba kilichojengwa chini ya ardhi, na katika lipu ya ukuta wake imetokezwa sura ya siwa.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Siwa si zumari la ngomani. Ni baragumu la enzi. Ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, ya Lamu ikasubiwa kwa shaba. Aliyeichora ukutani Pujini alikuwa akidai heshima ile ile iliyodaiwa na miji hiyo. Basi yule aliyebaki vinywani kuwa jabari, ukutani amebaki kuwa mwenye siwa. Na kwa kuwa hadithi za mawe na kisima hazitaji siwa, bila ya ukuta ule tungelibaki na nusu ya habari.

Hapo ndipo ilipo haja ya hifadhi. Sheria ya kulinda mambo ya kale Zanzibar ipo, lakini sheria haizuii mvua. Tuta la udongo hudhaniwa kilima, jiwe la kale hufaa msingi wa nyumba mpya, na lipu ya chokaa ikishabanduka hairudi. Mlinzi wa karibu zaidi ni mwanakijiji. Naafundishwe siwa ile, kama alivyofundishwa kisima, ili siku moja amsimulie mjukuu wake habari zote mbili.