Hilux Haikupigwa Marufuku Marekani, Laumu Kuku

Wasee, leo naanza kwa kuomba msamaha.

Mwaka jana nilitoa video nikasema Hilux imepigwa marufuku Marekani kwa sababu haiharibiki, ati ikiruhusiwa kule kampuni zao zitafunga milango. Ile video ilisambaa kuliko kitu chochote nimewahi kufanya. Niliamini hiyo stori kwa sababu kila mtu alikuwa akiisema, na pia kwa sababu ilikuwa tamu: gari letu la shamba limewatisha Wamarekani!

Mjomba wangu ni fundi. Amekuwa akifungua injini za Isuzu tangu kabla nizaliwe. Aliitazama video mara moja, akanirudishia simu, akaniuliza, "Kijana, hiyo sheria umeiona ama umeambiwa?"

Nilinyamaza. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na kuna watu nyumbani wanangoja tu siku nitakubali kwamba hii kazi ya simu ni upuzi. Kwa hivyo lile swali lilinigonga pabaya. Kama nitakula kwa kuelezea watu mambo, basi angalau yawe ya ukweli.

Nikaenda kusoma. Kumbe ukweli ni mtamu kuliko ule uongo wangu. Na unaanza na kuku.

Kuku na pikapu wapi na wapi?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani waligeuza ufugaji wa kuku ukawa kama kiwanda. Bei ikaanguka, na kuku waliogandishwa wakaanza kumiminika Ulaya, hasa Ujerumani Magharibi. Wafugaji wa huko wakapiga kelele, na mwaka wa 1962 Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya ikapandisha ushuru wa kuku kutoka nje. Biashara ya Wamarekani ikaumia.

Wakakaa kwa mazungumzo, hawakuelewana. Tarehe 4 Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson akalipiza. Hata wiki mbili zilikuwa hazijaisha tangu achukue usukani baada ya Kennedy kuuawa. Aliweka ushuru wa asilimia 25 kwa vitu vinne: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori madogo. Hapo kwa malori madogo ndipo pikapu iliingia, na aliyelengwa hasa alikuwa Mjerumani, Volkswagen, aliyekuwa akiuza vani na pikapu zake kule.

Lakini kulingana na kanuni za biashara za wakati huo, huwezi kumtoza Mjerumani peke yake. Ukiweka ushuru, unawapata wote. Kwa hivyo Mjapani, ambaye hakuwa ameuzia mtu kuku hata mmoja, akajikuta ndani ya vita visivyomhusu. Wakati huo pikapu za Japani huko Marekani zilikuwa chache sana, kwa hivyo hakuna aliyeshtuka. Baadaye zilipoanza kupendwa, ule mtego ulikuwa tayari unawangoja.

Ule ushuru wa vitu vingine uliondolewa miaka iliyofuata. Wa pikapu ukabaki. Gari la kawaida la abiria kutoka nje lilifika mahali pa kulipa asilimia 2.5 tu, huku pikapu ikiendelea kulipa 25. Hadi leo Wamarekani wanauita ushuru wa kuku.

Gari bila mgongo

Sasa hapa ndipo utaona akili ya binadamu ikipewa shida.

Miaka ya mwanzo ya 1970 Wamarekani walianza kutaka pikapu ndogo isiyokunywa mafuta sana. Ford na General Motors hazikuwa nazo, kwa hivyo zikaenda Japani kutafuta. Ford ikachukua ya Mazda ikaiita Courier. GM ikachukua ya Isuzu, na mwaka wa 1972 ikaanza kuiuza kama Chevrolet LUV. Kama mzee wenu aliwahi kuwa na Isuzu KB, hiyo LUV ni ndugu ya damu. Ni gari lile lile, beji tofauti.

Ushuru je? Sheria ilisema pikapu kamili inalipa asilimia 25. Lakini kebini na chasisi, bila bodi ya nyuma, ilihesabiwa kama gari ambalo halijakamilika, na ilikuwa inalipa asilimia 4. Basi wakawa wanasafirisha gari bila mgongo. Likishuka bandarini Marekani, linafungwa bodi, tayari ni pikapu.

Piga hesabu. Tuseme hiyo chasisi ni dola 2,000. Kwa asilimia 4 unalipa dola 80. Kwa asilimia 25 unalipa dola 500. Tofauti ni dola 420 kwa kila gari, na hao jamaa walikuwa wanaingiza maelfu kwa maelfu. Na usisahau walionufaika na huo mwanya ni pamoja na Ford na GM wenyewe, kampuni za Marekani, zikikwepa ushuru wa Marekani.

Subaru nao walikuja na yao. Pikapu yao ndogo, BRAT, iliingia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 ikiwa na viti viwili vya plastiki kule nyuma kwa bodi, vikiangalia nyuma, kwa upepo. Hebu fikiria umekaa hapo kwa barabara kuu. Lakini gari likiwa na viti nyuma, lingeweza kuitwa gari la abiria, na la abiria linalipa ushuru mdogo. Vile viti vilikuwa ni karatasi ya ushuru iliyoshonwa ikawa kiti. Ronald Reagan mwenyewe alikuwa na BRAT kwa shamba lake.

Huo mchezo haujazeeka. Mwaka wa 2024 Ford ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 365 kumaliza kesi ya vani zake ndogo kutoka Uturuki. Zilikuwa zinaingia na viti vya nyuma zikihesabiwa za abiria, kisha viti vinatolewa na zinauzwa kama za mizigo.

Mlango ukafungwa

Mwaka wa 1980 forodha ya Marekani ikasema imetosha. Kebini na chasisi nazo zikahesabiwa kama pikapu, asilimia 25. Mwanya wa LUV na Courier ukafa.

Njia iliyobaki ilikuwa moja: jenga huko huko. GM ikaleta S-10 yake, Ford ikaleta Ranger, zote zikiundwa Marekani, na zile za Japani zikaachwa. Nissan ikajenga kiwanda Smyrna, Tennessee, na gari la kwanza kutoka hapo mwaka wa 1983 lilikuwa pikapu. Mazda nayo, iliyokuwa imempa Ford pikapu miaka ya 1970, kuanzia 1994 ikawa inauza Wamarekani Ranger ya Ford yenye beji ya Mazda. Aliyekuwa anakopesha akawa anakopa.

Toyota? Hapa ndipo ninakula maneno yangu. Hilux iliuzwa Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuna aliyeipiga marufuku. Toyota wenyewe waliacha kutumia hilo jina kule miaka ya 1970, wakawa wanaiita tu pikapu. Kisha mwaka wa 1995 wakatoa Tacoma, gari walilounda wakimfikiria Mmarekani na kuliunganisha California.

Kuna kaukweli kadogo ndani ya ile video yangu, sitakataa. Hilux mpya ya leo huwezi kuiingiza Marekani ukaisajili tu hivyo, kwa sababu haijathibitishwa kwa sheria zao za usalama na moshi. Lakini hiyo ni kwa gari lolote ambalo halikuundwa kwa soko lao. Likishafika miaka 25, zile sheria za usalama zinalegezwa, na ndiyo maana kuna Wamarekani wanaagiza Hilux kuukuu kama vitu vya kumbukumbu. Sisi tunazipakia makaa, wao wanazipiga polishi.

Kuibadilisha kunamaanisha nini hasa?

Chukua Chevrolet Colorado. Mwaka wa 2011 GM ilizindua mpya Thailand, ikiwa pacha wa Isuzu D-Max ya mwaka huo, ile D-Max tunayoijua hapa. Ilikuwa na injini za dizeli, na unaweza kuipata ya milango miwili yenye bodi ndefu, gari la kazi kabisa.

Mmarekani aliipata mwaka wa 2014, ikitoka kiwanda cha Wentzville, Missouri. Lakini uso ulikuwa mwingine na dashibodi nyingine. Injini zikawa za petroli, ya silinda nne na ya silinda sita. Dizeli ilikuja baadaye, ikiwa na mfumo wa kunyunyizia urea ili kusafisha moshi, kwa sababu sheria zao za hewa ni kali. Na ile ya milango miwili? Hawakuletewa.

Ranger nayo ni vivyo hivyo. Iliyozinduliwa mwaka wa 2011 iliundwa na wahandisi wa Ford walioko Australia, ikawa inaunganishwa Thailand, Afrika Kusini na Argentina. Mwaka huo huo Ford ilifunga kiwanda cha St. Paul, Minnesota, kilichokuwa kinatengeneza Ranger ya Wamarekani. Yaani dunia nzima ilipata Ranger mpya, na wenye kampuni wakabaki bila. Walingoja hadi 2019. Ilipofika, ilikuwa inaundwa Michigan, injini ya petroli ya lita 2.3 yenye turbo, giaboksi ya otomatiki yenye gia 10, bampa za chuma zilizofungwa kwa chasisi. Hakuna dizeli, hakuna gia za mkono, hakuna ya milango miwili.

Ukiangalia vizuri, mabadiliko ni ya aina mbili. Kuna ya sheria: moshi, majaribio ya kugongana, hata zile taa ndogo za pembeni, rangi ya chungwa mbele na nyekundu nyuma, zinazodaiwa huko tangu mwisho wa miaka ya 1960. Halafu kuna ya mtu mwenyewe. Huku pikapu inapimwa kwa tani: inabeba moja ama haibebi? Kule watu wengi wananunua pikapu wawe nayo kama gari la familia. Watoto wanakaa nyuma, safari ni ndefu, barabara ni laini. Spring ngumu za kubebea viazi hazimfai mtu wa kupeleka watoto shule.

Nani alilipa?

Unaambiwa ushuru hulipwa na yule wa nje. Lakini mwangalie fundi wa Marekani, mtu wa mabomba ama wa bustani, aliyetaka pikapu ndogo ya bei nafuu kama ile LUV. Kampuni zikikingwa kwa asilimia 25, hazina haja ya kuhangaika na gari dogo lenye faida ndogo wakati kubwa linauzika. Pikapu zikaendelea kunenepa na bei ikapanda nazo. Ushuru haukuwa sababu pekee, mafuta ya bei rahisi na ladha ya watu pia vilichangia, lakini ulimzuia mshindani mlangoni zaidi ya miaka 60. Yote kwa sababu ya kuku ambao walishaliwa zamani.

Lakini pia sitaki kuondoka kwa uongo mmoja nikaingie mwingine, niseme ushuru wote ni mbaya. Smyrna kulijengwa kiwanda na watu wakapata kazi. Na sisi wenyewe tunacheza mchezo huo huo. GM iliingia Kenya mwaka wa 1975, na miaka mingi pikapu za Isuzu zimeunganishwa hapo Mombasa Road kutoka vipande vinavyokuja kwa makasha. Mwaka wa 2017 Isuzu ikanunua hisa za GM, ndiyo ikawa Isuzu East Africa. Vipande hutozwa ushuru mdogo kuliko gari zima, ili kazi ya kuunganisha ibaki hapa. Ni ile hesabu ya chasisi bila mgongo, ila hapa serikali yenyewe ndiyo inataka uicheze.

Kwa hivyo mimi sasa nikisikia ushuru umepandishwa ili kulinda viwanda vyetu, nauliza maswali mawili. Unamlinda nani hasa? Na unaisha lini? Ule wa Johnson ulikuwa kiboko cha muda cha kumchapa Mjerumani. Hakuna aliyeandika tarehe ya mwisho, na waliozoea kivuli chake hawakutaka ukatwe.

Ile video nimeitoa. Ndiyo, na watazamaji wake wote. Mjomba nilimsomea hii kwanza, pale gereji, akiwa chini ya D-Max ya mtu. Alisikiza hadi mwisho, akanyoosha mkono.

"Sawa. Sasa nipe spana ya 17."

Kwake hiyo ni digrii, wasee. Nimeichukua.