Hitilafu ya Umeme katika Mfumo wa Kupoza Injini

Hitilafu ya umeme katika mfumo wa kupoza injini ni kasoro ya waya, fyuzi, relei, swichi, sensa au mota ya feni inayolifanya gari lichemshe ilhali maji yamejaa, wota pampu ni nzima na rejeta haijaziba. Huyapata zaidi magari madogo ya petroli yanayotoka Japani, kama Toyota IST na Probox, ambayo feni yake huzungushwa na umeme. Land Cruiser za injini ya 1HZ huzungusha feni kwa mkanda, hivyo huepuka sehemu kubwa ya kasoro hizi.

Kashaulili, kata iliyo katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, inafaa kueleza kwa nini kasoro ndogo ya waya huweza kuua injini. Mji wa Mpanda uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji ya wazi huchemka kwenye nyuzijoto karibu 96, si 100. Mfuniko mzima wa rejeta hushika shinikizo la baa 0.9 hadi 1.1 na kusogeza kiwango hicho hadi karibu 117 au 120. Mfuniko uliolegea haufanyi hivyo. Feni nyingi huwaka joto likifika nyuzi 93 au zaidi kidogo. Kwa hiyo gari lenye mfuniko mbovu lina nafasi ya nyuzi chache tu kati ya feni kutakiwa kuwaka na maji kuanza kuchemka, na mwezi Septemba au Oktoba, kiangazi kikiwa kimekolea, nafasi hiyo humalizika upesi.

Dalili

Feni iliyokufa hujionyesha gari likiwa limesimama. Joto hupanda injini ikiwa sailensa, kisha hushuka gari likishika mwendo, kwa sababu upepo wa safari hupita kwenye rejeta wenyewe. Dereva anaweza kuondoka Mpanda, akapita Sitalike na Hifadhi ya Taifa ya Katavi kuelekea Sumbawanga bila kuona lolote, halafu gari likachemsha baada ya kusimama huku injini ikiunguruma. Gari linalochemsha kwenye mwendo mkali au mlima mrefu lina tatizo lingine: rejeta iliyoziba, thamostati iliyoganda, wota pampu au gasketi ya silinda hedi.

Baadhi ya magari, Vitz likiwa mojawapo, hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu inayozimika injini ikipata moto na taa nyekundu inayowaka joto likizidi. Kati ya hizo mbili dereva haonywi.

Upimaji

Kabla ya kugusa chochote, mikono na nguo huwekwa mbali na feni, kwani katika baadhi ya magari huweza kuwaka injini ikiwa imezimwa. Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Katika gari lenye feni moja na kiyoyozi kinachofanya kazi, kuwasha kiyoyozi kunatakiwa kuizungusha feni. Ikizunguka, mota ni nzima na shaka inahamia upande wa sensa au swichi ya joto. Isipozunguka, hukaguliwa fyuzi, ambayo kwenye Toyota nyingi huandikwa RDI na mara nyingi ni ya ampea 30. Fyuzi iliyoungua ina sababu: huenda mota imekaza na inavuta umeme kupita kiasi, au waya umechunika na kugusa bodi. Kuweka fyuzi kubwa zaidi huhamishia moto kwenye waya.

Hufuata soketi ya mota. Fundi huchomeka taa ya majaribio au mita wakati feni inatakiwa kuwa inazunguka. Umeme ukiwepo na mota imelala, mota hupewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka hapo, kosa ni waya wa athi unaofungwa kwenye bodi, ambao mara nyingi umeshika kutu. Feni ikiwa kazini, volti kati ya hasi ya mota na hasi ya betri zikizidi 0.5, njia hiyo ni mbovu hata kama kwa macho inaonekana imekaza.

Umeme usipofika kwenye soketi, relei hubadilishwa kwa muda na nyingine ya aina ileile iliyomo kwenye kisanduku hichohicho. Koili ya relei ya kawaida husoma omu 60 hadi 100.

Swichi ya joto ndiyo huwachanganya wengi. Katika Corolla nyingi za miaka ya 1990, kuchomoa soketi ya swichi huku ufunguo umewashwa huiwasha feni. Katika magari mengi ya zamani ya Ulaya, kama Volkswagen Golf, ni lazima nyaya mbili za soketi ziunganishwe ndipo feni iwake. Magari ya baadaye hutumia sensa inayotuma taarifa kwenye kompyuta ya injini. Sensa ya Toyota husoma takriban kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Mashine ya kusoma misimbo ikionyesha P0118, mara nyingi njia ya sensa imekatika. P0117 huashiria nyaya zake zimegusana au zimegusa bodi.

Feni ya moja kwa moja

Njia ya mkato iliyozoeleka ni kuiunga feni izunguke muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Gari haliishii njiani, lakini alteneta hubeba mzigo usiokoma na brashi za mota huisha mapema. Thamostati ikiwa nayo imetolewa, injini haifiki joto lake, sensa huripoti ubaridi, na kompyuta huongeza petroli. Kosa jingine la marekebisho ni kugeuza nyaya za mota: feni huzunguka kinyume na kushindana na upepo wa safari.

Mnunuzi wa gari lililotumika huweza kuitambua kazi hiyo injini ikiwa ya baridi: feni huanza mara tu ufunguo unapogeuzwa, au kuna swichi ya ziada chini ya dashibodi.