Mpagazi Asiyekula

Huenda wasomaji wakashangaa kuona mwalimu wa Nachingwea akishika kalamu kuandika habari za merikebu. Sisi wa huku hatuna bahari. Tuna mito ya Mbwemkuru na Lukuledi, nayo wakati wa kiangazi mtoto huivuka mahali pengi bila kulowesha magoti. Hata hivyo hakuna gunia la korosho litokalo Nachingwea, wala la ufuta litokalo Ruangwa, lisilokwisha safari yake ndani ya meli, likienda India au Vietnam au kwingineko. Mnunuzi naye, kabla hajataja bei kwa mkulima, amekwisha kutoa moyoni mwake gharama ya kuuchukua mzigo huo baharini. Basi chakula cha meli hulipwa na sisi tusioiona. Kwa sababu hiyo naona si vibaya tujue tangu zamani vyombo vimekuwa vikila nini, na jinsi watu walivyojitahidi kuvipunguzia chakula hicho.

Nianze nchi kavu. Kabla ya reli na magari, mizigo ya nchi hii ilipita juu ya vichwa vya watu. Punda na ng'ombe hawakufaa, maana mbung'o waliwaua. Misafara ya Wayao ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikapita katika nchi ya Wamwera na majirani zao, ikashuka Kilwa na Lindi na pembe za ndovu, nta, tumbaku, na baadaye mpira wa mwituni. Sasa, msomaji, nataka tufanye hesabu ndogo. Tuseme mpagazi achukua ratili 60, naye ala ratili 2 za unga kila siku. Kama hapati chakula njiani, ikamlazimu kujichukulia posho yake mwenyewe, safari ya siku 30 itamaliza mzigo wote. Atafika mikono mitupu, hali amechoka, na tajiri wake hana faida hata ya senti moja. Ndiyo sababu misafara ilifuata njia zenye vijiji na mashamba, na palipokuwa na njaa njia ilikufa.

Chombo cha baharini nacho ni mpagazi. Swali la kwanza la mtu aundaye chombo cha mizigo ni hili: atakula nini njiani, na chakula chake kitachukua nafasi gani ya mzigo?

Watu wa pwani yetu walilijibu swali hilo zamani sana, wakapata mpagazi asiyekula. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, chataja mashua zilizoshonwa katika pwani hii, huko Rhapta. Ufundi huo haukupotea upesi. Mtepe wa visiwa vya Lamu uliundwa kwa namna hiyo mpaka karne ya 20: mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi pasipo msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka uliosukwa kwa majani. Jahazi tulijualo leo lina misumari na tanga la nguo, lakini chakula chake ni kile kile, yaani upepo. Kaskazi huanza yapata Desemba, huleta vyombo toka Arabuni na India. Kusi huanza yapata Aprili na kuvirudisha. Katikati kuna tanga mbili, wakati upepo hauna nia moja, na manahodha huutumia kuvipandisha vyombo mchangani maji yakupwapo, wakavikwangua magome na chaza walioganda chini, wakavipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kazi hiyo ilikuwa na maana mbili: mdudu alaye mbao asiingie, na chombo kiteleze majini. Naomba msomaji aishike habari ya shahamu, maana nitairudia.

Tena tusidhani kwamba mambo haya ni ya kale mno. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda chombo cha Kuwait kilichoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Walishuka na kaskazi hata Unguja, wakaingia katika delta ya Rufiji kukata boriti za mikoko, kisha mwaka 1939 wakarudi na kusi hata Kuwait, ambako boriti hizo zilikuwa dari za nyumba. Hawakuchoma kijiko kimoja cha mafuta ili kusukuma chombo.

Lakini mpagazi huyu alidai malipo mengine, nayo ni wakati. Mfanyabiashara wa Lindi aliyechelewa upepo alingoja mpaka msimu urudi, na fedha yake ikalala. Jambo la pili ni zito zaidi, nami sitaki kulipita kana kwamba sikulijua. Katika vyombo hivyo hivyo visivyochafua hewa walipakiwa watu, wengi wao wakitoka katika njia zile zile za bara nilizozitaja, wakauzwa Kilwa na Unguja kama bidhaa. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na hata baada ya hapo waliendelea kusafirishwa kwa siri. Mtu asifuye matanga leo na ayasifu kwa kazi ya upepo, si kwa mizigo yote iliyochukuliwa nayo.

Zamani hizo hizo alikuja mpagazi wa namna nyingine. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 merikebu za moshi za British India zilianza kufika Unguja kila mwezi na barua. Wengi husema kwamba neno letu *meli* latokana na neno la Kiingereza la barua hizo. Chombo hiki hakikungoja msimu. Walakini kilikula, tena kilikula kama jeshi. Merikebu za moshi za kwanza zilijaza makaa ya mawe kiasi ambacho nafasi ya mzigo ilikuwa haba, ndiyo maana zilichukua barua na abiria wenye fedha, si magunia. Hata makaa yaliyolimbikwa katika bandari za mbali mara nyingi yaliletwa na merikebu za matanga! Mpagazi asiyekula alikuwa akimchukulia mwenzake chakula.

Aliyebadili mambo ni Alfred Holt wa Liverpool, mtu aliyejifunza kazi yake kwanza katika reli. Aliona kwamba mvuke ukiisha kusukuma mtambo mara moja hutupwa ungali na nguvu. Ni kama mama anayeinjika maharage, na yakiisha kuiva amwagia maji makaa mekundu, kisha awasha moto mpya wa kuchemsha uji. Holt aliupitisha mvuke ule ule katika silinda ya pili iliyo pana zaidi. Mwaka 1866 merikebu yake Agamemnon iliondoka Liverpool ikaenda hata Mauritius, yapata maili 8,500, bila kutua kupakia makaa. Tangu siku hiyo merikebu ya moshi iliweza kushindana na tanga hata kwa mizigo ya bei ndogo.

Mwaka 1872 Mwingereza mwingine, William Froude, alimaliza kujenga birika refu la maji huko Torquay, akavuta ndani yake vielelezo vidogo vya merikebu vilivyofinyangwa kwa nta. Alionyesha kwamba nguvu nyingi ya merikebu hupotea katika kutengeneza mawimbi na katika msuguano wa maji na ubavu wake. Tena mwendo una ghali yake: nguvu itakiwayo hukua haraka kuliko mwendo wenyewe. Meli ikipunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, nguvu itakiwayo na mtambo hupungua kwa zaidi ya robo. Na ingawa itakaa baharini siku nyingi zaidi, mafuta ya safari nzima hupungua karibu sehemu ya tano. Hapo naona nahodha wa jahazi akicheka.

Mwaka 1912 meli Selandia ya Denmark ilisafiri toka Copenhagen hata Bangkok kwa mitambo ya dizeli. Mitambo mikubwa ya jamii hiyo leo hugeuza karibu nusu ya joto la mafuta kuwa kazi, na mtambo wa mvuke wa zamani haukufika hata sehemu ya tano. Basi meli zikazidi kuwa kubwa, mafuta yakawa rahisi, na watu wakasahau kuhesabu.

Kwetu kusahau huko kulikuja na jina la karanga. Baada ya vita, Waingereza walikosa mafuta ya kupikia, wakakusudia mwaka 1947 kulima karanga katika ekari 3,210,000 za Afrika Mashariki, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali palipochaguliwa. Babu yangu, Mmwera wa Ruangwa, alikuwa kijana wakati huo, akaajiriwa kuchukua mataruma ya reli. Alisimulia mara nyingi jinsi mizigo ilivyoshuka. Bandari ya Lindi ina maji haba, basi meli zilitia nanga mbali, na vitu vikashushwa katika matishari. Ikajengwa gati Mkwaya, ndani ya hori la Lindi, na reli ikatoka huko ikafika Nachingwea mwaka 1949. Matrekta yalitoka ng'ambo, vipuri vikatoka ng'ambo, na mafuta ya matrekta yakatoka ng'ambo, katika meli zilizochoma mafuta, yakapandishwa na magari yaliyochoma mafuta, ili yakachomwe katika kung'oa miti.

Nirudi kwenye hesabu yangu ya mpagazi. Mradi ule ulikuwa mpagazi aliyekula mzigo wake wote kabla ya kufika. Ulivunjwa Januari 1951, na fedha za Waingereza zipatazo pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Bandari ya Mtwara, yenye kina kirefu, ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga za kupakiwa humo hazikuwapo tena. Reli ilingojea mizigo, mizigo haikutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Watu husema kosa lilikuwa udongo, wengine husema mvua, wengine haraka. Yote ni kweli. Mimi naongeza kwamba hakuna aliyekaa chini, kabla ya kuwasha mtambo wa kwanza, akauliza kila karanga moja itakuwa imekula mafuta kiasi gani mpaka ifike Uingereza.

Leo ulimwengu umelazimishwa kuuliza. Meli zote pamoja hutoa yapata sehemu tatu katika mia za hewa chafu itiayo dunia joto. Mafuta mazito zilizoyazoea ni machicha ya viwanda, meusi kama lami. Shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari liliamuru kwamba toka 2013 meli mpya zipimwe kwa mafuta ziyatumiayo kwa kila tani na maili, na toka 2020 kiberiti ndani ya mafuta kisizidi nusu ya sehemu moja katika mia.

Wajuzi wa kuunda meli wanafanya nini, basi? Wanarudia ya nahodha. Wanapunguza mwendo. Wanasugua ubavu wa meli chaza wasigande, wakatafuta rangi ya kupaka. Rangi moja yenye bati, iliyosifiwa sana, iliwadhuru konokono na chaza wa baharini hata ikapigwa marufuku kwa mkataba ulioanza kazi mwaka 2008. Shahamu na chokaa havikuwa na kesi ya namna hiyo. Tena wanasimamisha matanga. Mjerumani Anton Flettner alikwisha kujaribu mwaka 1924 na meli Buckau, yenye minara miwili iliyozunguka na kuushika upepo, lakini mafuta yalikuwa rahisi, jambo likalala. Mwaka 2023 meli Pyxis Ocean ilitoka China kwenda Brazili na mabawa mawili, kila moja lina urefu wa mita 37 na nusu, na katika majaribio yake iliokoa wastani wa tani 3 za mafuta kila siku. Haikuacha mtambo. Ni mpagazi alaye kidogo.

Mimi naona habari hii yatuhusu kuliko wengi. Korosho haiozi upesi, wala ufuta. Mizigo yetu yaweza kungoja siku kumi zaidi baharini pasipo hasara, ikiwa wenye meli watamrudishia mkulima sehemu ya kile walichookoa. Neno hilo la mwisho sijasikia likisemwa mahali popote.

Kuna na mzigo mwingine sasa. Katika vilima vya Ruangwa mna kinywe, jiwe jeusi laini litiwalo ndani ya penseli, ambalo pia hutengeneza sehemu ya betri kubwa. Huko Norwei meli ndogo Yara Birkeland imechukua mbolea kwa nguvu ya betri tangu 2022. Niliwaeleza hayo watoto wa darasa la sita, nikawapa hesabu ya mpagazi. Msichana mmoja wa nyuma akasimama akauliza, "Mwalimu, na lori lililoshusha kinywe pwani, lilikula nini?" Nikamjibu kwamba lilikula dizeli, na dizeli hiyo ililetwa na meli.