Majimbo Yaliyoikataa Amri ya Makaa

Katiba ya Marekani iliandikwa mwaka 1787 na watu waliouchelea mno utawala wa kifalme. Wakaugawa uwezo: sehemu wakaipa serikali ya muungano, na sehemu wakayaachia majimbo. Mpaka baina ya sehemu hizo haujapata kutulia tangu siku zile. Umegombaniwa kwa ajili ya utumwa, ukagombaniwa kwa ajili ya shule, na katika karne yetu ukagombaniwa kwa ajili ya moshi.

Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 iliweka utaratibu wa ushirika: Washington hutoa kipimo, majimbo hutunga mipango ya kukifikia. Zama hizo watu walihofia masizi na moshi unaokohoza. Hewa ya ukaa, isiyoonekana wala kunuka, ilifikiriwa na wachache. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 5 dhidi ya 4, kwamba hewa hiyo nayo ni uchafu kwa maana ya sheria. Kesi hiyo ililetwa na majimbo yenyewe, Massachusetts likiwa mbele, yakiishitaki Idara ya Kulinda Mazingira kwa kulala kazini. Miaka minane baadaye majimbo mengine yaliishitaki kwa kuamka.

Mwezi Agosti 2015 Rais Barack Obama alitangaza Mpango wa Umeme Safi. Shabaha yake ilikuwa kupunguza hewa ya ukaa itokayo katika mitambo ya umeme kwa asilimia 32 kufikia 2030, ikilinganishwa na mwaka 2005. Shabaha hiyo isingefikiwa kwa kutengeneza matanuri peke yake. Ilibidi umeme uhame kutoka makaa ya mawe kwenda gesi, upepo na jua. Hapo ndipo ulipolala ugomvi wote. Je, idara iliyopewa kazi ya kusafisha mtambo yaweza kuamuru mtambo uzalishe kidogo?

West Virginia lilipata zaidi ya tisa ya kumi ya umeme wake kutokana na makaa, na vijiji vyake vingi viliishi kwa machimbo. Si haki kuwacheka watu hao. Mwanasheria mkuu wao, Patrick Morrisey, aliongoza majimbo 24 mahakamani tarehe 23 Oktoba 2015, siku ile ile amri ilipochapishwa rasmi. Hata kabla ya hapo, Seneta Mitch McConnell wa Kentucky alikwisha waandikia magavana wasipeleke mipango yoyote. California, New York na mengineyo yakasimama upande wa Washington.

Tarehe 9 Februari 2016 Mahakama ya Juu iliisimamisha amri, 5 dhidi ya 4, kabla mahakama yoyote ya chini haijatoa hukumu. Jambo hilo halikuwa limepata kutokea kwa amri ya namna hiyo. Siku nne baadaye Jaji Antonin Scalia, mmoja wa wale watano, akafariki. Lau mauti yangalimfika juma moja mapema, yaelekea amri ingalibaki.

Hukumu ya mwisho ilitoka tarehe 30 Juni 2022, majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba jambo kubwa kiasi hicho lahitaji idhini ya wazi ya Bunge. Jaji Elena Kagan alipinga, akisema Mahakama imejitwalia uamuzi usio wake.

Kumbe shabaha yenyewe ilikuwa imekwisha fikiwa mwaka 2019, na amri haikuwahi kutumika hata siku moja! Gesi ilikuwa rahisi, na makampuni yakaifunga mitambo ya makaa kwa hesabu zao wenyewe. Mzigo ulioitwa maangamizi haukuwa mzito kama ulivyosemwa.

Mwaka 2024 serikali ya Rais Joe Biden ilitoa amri nyingine, na majimbo 25 yakaipinga. Mwezi Juni 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilipendekeza kuifuta. Wakati huo Morrisey alikuwa gavana wa West Virginia.