Karani wa Forodha na Nchi ya Angani
Mwandishi Shaaban Robert hakuingia katika fasihi kupitia chuo kikuu. Alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali ya kikoloni kwa zaidi ya miongo mitatu. Naamini meza hiyo ya ukarani ndiyo iliyomfikisha Kusadikika, nchi inayoelea angani. Wapo watakaosema njozi zake zilitoka katika ngano na Alfu Lela Ulela. Kwa kitabu chake Adili na Nduguze, na majini yake, nakubali kabisa. Lakini riwaya ya Kusadikika (1951) imejengwa juu ya kesi: Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa mbali, wakarudi na mapendekezo mema, wakatupwa gerezani. Taarifa kupuuzwa na mletaji kuadhibiwa ni mambo ambayo karani Mwafrika angeweza kuyajua vyema, na ambayo ilikuwa hatari kuyasema waziwazi.