Kutoka Gatagara hadi Simu ya Mkononi: Tiba kwa Vitendo nchini Rwanda

Nengo ni mtaa wa mji wa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, pale ardhi ya Rwanda inapoishia kwenye maji ya Ziwa Kivu na jirani wa Goma yuko mwendo wa miguu tu. Ukifika kwenye ule mpaka mdogo, wenyewe wanauita Petite Barrière, utakuta walemavu wakivusha bidhaa kwa baiskeli kubwa za magurudumu matatu zilizopakiwa hadi juu. Wengi wakitazama pale huona biashara peke yake. Lakini kuna jambo jingine: mtu amepata chombo kinachomfaa, amefundishwa au amejifundisha kukitumia, na jioni anarudi kwa watoto wake na chakula. Huko ndiko tiba kwa vitendo inakotaka kumfikisha mgonjwa.

Wengi wetu huichanganya tiba hii na mazoezi ya viungo. Ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Mtaalamu wa viungo atataka kujua mkono unakunjika kiasi gani na una nguvu gani. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo atakuuliza: unataka mkono huo ufanye nini? Kijana atajibu kuandika. Mama atasema kuchambua mchele na kumfunga mtoto mgongoni. Mzee aliyepatwa na kiharusi huenda akasema anataka kutawadha mwenyewe, asioshwe na mjukuu kama mtoto mchanga. Matibabu huanzia kwenye jibu hilo. Pengine kinachotakiwa ni birika lenye mpini mnene, kigoda cha kukalia karibu na bomba, na wiki nyingi za kurudia tendo lile lile kwa mkono ulio mzima.

Taaluma hii ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwaka 1917, na vita viwili vikubwa vilivyoacha maelfu ya vilema ndivyo vilivyoikuza. Shirikisho la dunia la wataalamu wake likaundwa mwaka 1952. Kwetu Afrika Mashariki mafunzo yalianza Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, baadaye Moshi na Kampala nako wakafungua vyuo.

Rwanda ilipita njia yake. Mwaka 1960 padri Mbelgiji, Joseph Fraipont, ambaye Wanyarwanda walimpa jina la Ndagijimana, alifungua nyumba ya watoto walemavu pale Gatagara, upande wa Nyanza. Zama zile mtoto aliyepooza miguu aghalabu alifichwa nyumbani, na familia ikaona aibu. Gatagara ikawa mahali pa kupata vyuma vya miguu, magongo, na hasa darasa la kusomea. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa mabegani mwa wamisionari na wafadhili, serikali ikiwa nyuma.

Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Walionusurika wengi walibaki na majeraha ya mapanga na risasi, na madaktari wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Mwaka 1996 ikaanzishwa Taasisi ya Afya ya Kigali, ikafundisha wataalamu wa viungo. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi za umma, ndicho kilichokuja kuwa na idara ya tiba kwa vitendo. Katikati hapo nchi ilijiunga, mwaka 2008, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu.

Gisenyi ina kisa chake, na ningependa wanafunzi wakijue vizuri. Mwaka 1998, vita vya waasi vikiwa vimepamba moto kaskazini magharibi, kijana wa miaka 15 aitwaye Frederick Ndabaramiye alikamatwa na wanamgambo waliolisimamisha basi alilopanda. Wakamwamuru awaue abiria wenzake. Akakataa. Wakamkata mikono yote miwili. Aliponea hospitalini, na kwa maelezo yake mwenyewe alifikia hadi kutaka kujiua. Akapokelewa katika kituo cha yatima cha Imbabazi, cha Bi. Rosamond Carr, Mmarekani aliyeishi Rwanda zaidi ya nusu karne na kufariki mwaka 2006. Huko Frederick akajifunza upya mambo madogo madogo, kisha akashika brashi kwa vigutu vya mikono yake na kuanza kuchora. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Zacharie Dusingizimana wakafungua hapo Gisenyi kituo cha Ubumwe, maana yake Umoja, ambako walemavu hufundishwa kushona, kufuma, lugha ya ishara na kazi nyingine za mikono.

Tazameni vizuri: hapakuwa na kompyuta katika hatua za mwanzo za kisa hiki. Palikuwa na watu waliokaa na kijana siku baada ya siku.

Basi mtandao umeleta nini? Kwanza umewaondolea upweke wataalamu wenyewe. Nchi yenye wataalamu wachache humwacha mmoja wilayani akiwa hana wa kumuuliza. Simu za mkononi za MTN ziliingia Rwanda mwaka 1998, lakini intaneti ilipitia setilaiti na ilikuwa ghali mno. Mwaka 2009 nyaya za baharini zikatua Mombasa, na Rwanda nayo ikasambaza nyaya zake hadi wilayani. Mwaka 2010 wataalamu wa tiba kwa vitendo duniani walianza mkutano wa saa 24 mfululizo kwa njia ya mtandao, bara moja likilala jingine linaendelea, na bila ya nauli wala viza. Mtu aliyeko Gisenyi aweza kusikiliza kama aliyeko London, ikiwa umeme haujakatika.

Pili umewakutanisha wagonjwa na mafundi. Mwaka 2011 seremala wa Johannesburg, Richard van As, alikatwa vidole na msumeno. Akaona kwenye video mkono wa kuchezea uliotengenezwa na Mmarekani Ivan Owen, akamwandikia, na wawili hao wakashirikiana kutoka mabara mawili. Wakatengeneza vidole, kisha mkono wa mtoto aliyezaliwa bila vidole, na mwaka 2013 wakautoa mchoro wake bure. Mwaka huo huo ikazaliwa jumuiya ya e-NABLE, ya watu wa kujitolea wanaochapa mikono ya plastiki kwa mashine na kuwapa wanaohitaji. Ni jambo jema sana. Lakini mkono uliochapwa ukapelekwa bila mtu wa kumfundisha mtoto kuutumia huishia chini ya kitanda, kwa sababu kigutu anachokijua humfanyia kazi haraka zaidi.

Tatizo jingine ni kwamba jumuiya hizi huishi katika nyumba za kupanga. e-NABLE ilikulia Google+, na mwaka 2019 kampuni ikaufunga mtandao huo, watu wakalazimika kuhama. Hapa Rwanda huduma ya Babyl ilianza mwaka 2016, mgonjwa akizungumza na muuguzi au daktari kwa simu yoyote, hata ya kitochi. Mamilioni wakajiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama huko Uingereza ikaanguka na huduma ikafungwa.

Machi 2020, korona ilipofunga mipaka na watu wakaamriwa kukaa nyumbani, dunia nzima wataalamu waligeukia simu za video. Faida moja iliwashangaza wengi wao: kamera iliwaonyesha jiko lenyewe, kizingiti chenyewe, choo chenyewe, vitu ambavyo hospitalini mgonjwa huvieleza kwa maneno tu. Wale wa baiskeli za mpakani, kwa upande wao, hakuna simu iliyoweza kuwavushia mizigo.

Imebaki habari ya lugha. Mafunzo mengi ya mtandaoni ni ya Kiingereza au Kifaransa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na ndicho kinachovuka mpaka wa Goma kila asubuhi, lakini mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo akitafuta jinsi ya kumkalisha ili ale bila kupaliwa, atapata machache ya kumfaa. Hapo wanafunzi wetu wanaosomea afya wana kazi ya kufanya. Na wazazi, mkimrekodi mtoto kwa ajili ya mtaalamu, rekodini akila, akivaa, akishika kijiko. Msimrekodi akiwa uchi anaogeshwa, wala msiitume video hiyo katika kundi la WhatsApp la ukoo. Itumeni kwa mtaalamu peke yake, kwani mtoto huyo naye atakua.