Gasketi: Kipande kidogo kinachozuia maafa makubwa

ASUBUHI ya Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka mitambo ya kampuni ya bomba la mafuta nchini Kenya, ikaingia katika mfereji wa maji ya mvua na kutiririka hadi mtaa wa Sinai, jijini Nairobi. Wakazi waliikimbilia kwa ndoo na madumu. Moto ulipozuka, watu wapatao 100 walipoteza maisha. Uongozi wa kampuni hiyo ulieleza kuwa gasketi ya vali moja ilishindwa kuhimili msukumo wa mafuta.

Gasketi ni kipande bapa, aghalabu cha mpira, nyuzi zilizoshindiliwa au chuma, kinachowekwa mahali bomba linapoungana na bomba jingine, pampu au vali. Bolti zikikazwa, kipande hicho hubanwa na kuziba mianya isiyoonekana kwa macho. Kwa hiyo, kinga dhidi ya uvujaji huanzia kwenye viungio.

Kwanza, gasketi sharti ilingane na kimiminika kinachopita. Mpira wa asili, kwa mfano, huzuia maji vizuri, lakini hufura na kulegea unapokutana na petroli.

Pili, gasketi iliyokwisha kubanwa isirudishwe baada ya kiungio kufunguliwa, kwani haina tena uwezo wa kuziba sawasawa.

Tatu, bolti zikazwe hatua kwa hatua, moja upande huu na inayofuata upande wa mkabala. Zikikazwa kwa kufuata mzunguko, upande mmoja huweza kubanwa mno na mwingine ukabaki umelegea.

Kabla ya kuanza kutumika, bomba hujazwa maji na kupimwa kwa msukumo unaozidi ule wa kazi, mara nyingi mara 1.5 ya kiwango lilichosanifiwa. Likishaanza kazi, vali zifungwe taratibu, kwa sababu kimiminika kinachosimamishwa ghafla huligonga bomba mithili ya nyundo.

Hata hivyo, hakuna kiungio kisichoweza kuvuja. Ndiyo maana matangi huzungushiwa kuta za kuzuia mafuta, na mifereji ya mitambo hutenganishwa na ile ya mvua. Katika mkasa wa Sinai, mfereji ndio uliofikisha petroli milangoni mwa watu.

Kwa mwananchi anayesikia harufu ya petroli mtaroni, la busara ni moja: asichote, asiwashe moto, aondoke haraka na kuwaarifu zimamoto.